Jiwe, Nyani na Fimbo

Kila Jumamosi mjukuu wangu na wenzake watatu hukutana barazani kwetu, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, wakacheza mchezo wa Kimarekani uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1974. Wana dadu za pembe nyingi, karatasi, na maneno kwa wingi. Mmoja husimulia, wengine huwa mashujaa na wachawi. Kelele za wachukuzi na mikokoteni haziwashughulishi.

Juzi walibishana, wakaniletea shauri. "Babu, kumgeuza adui mnyama na kumgeuza jiwe, uchawi upi mkubwa?" Kitabu chao kimekwisha kujibu. Kumgeuza mnyama ni daraja la 4, na hudumu kwa muda usiozidi saa moja. Kumgeuza jiwe ni daraja la 6, na mchawi akiushikilia uchawi wake dakika nzima bila kuvurugwa, mtu hubaki jiwe mpaka afunguliwe kwa uchawi mwingine. Ni hesabu safi, na mimi niliyekuwa mkuu wa chuo cha ualimu napenda hesabu safi. Hata hivyo niliwaambia kuwa Shaaban Robert asingeikubali.

Katika Adili na Nduguze, hadithi iliyotoka mwaka 1952, mageuzi yote mawili yamo. Umo mji mzima wa watu waliogeuka mawe. Msomaji hustaajabu, kisha hupita, kwa sababu jiwe halilii. Baadaye Hasidi na Mwivu wanamtosa ndugu yao Adili baharini kwa husuda. Huria, jini aliyewahi kuokolewa na Adili, anawageuza manyani, kisha anamwamuru Adili awachape kila usiku. Adili huwachapa, akalia, akawabembeleza na kuwalisha.

Swali langu ni hili: Huria mwenye uwezo wa kumgeuza binadamu nyani, mkono wa Adili alikuwa na haja nao gani? Angeweza kuwachapa mwenyewe. Nadhani uchawi wake mkubwa uko hapo, wala si katika manyoya. Aliwageuza ndugu wawili, na wa tatu akamfanya mchapaji. Kitabu cha vijana hakina daraja la uchawi wa namna hiyo.

Kisa chenyewe kina asili yake katika Alfu Lela Ulela, ambako mtawala wa Basra, zama za Harun Rashid, huwachapa ndugu zake waliogeuzwa mbwa. Huko ndugu wanafunguliwa, kisha wanamuua. Shaaban aliukataa mwisho huo. Kwake ndugu wanatubu na undugu unarudi. Ni mwisho wa mtu mwenye imani na watu, nami naupenda, ila naona umekuja kwa wepesi mno. Fimbo za usiku kucha zimesahauliwa upesi, kana kwamba machozi ya mchapaji yameshazilipa.

Nasema hivi kwa sababu kitabu hiki nilikifundisha miaka mingi, na Adili alikuwa mfano wangu. Niliwaambia wanachuo kuwa mwalimu mwema huchapa bila hasira, tena kwa huzuni, kama Adili. Siku moja mwanachuo aliyekaa nyuma, mpole, asiyezoea kusema, akasimama akauliza: "Mwalimu, machozi yale yanamfaa nani, Adili au manyani?" Nilimjibu kuwa swali hilo halimo katika mtihani. Darasa likacheka, naye akaketi. Waliohitimu mwaka ule wakatawanyika mikoani na mfano wangu.

Haya yote sikuwaambia vijana. Niliishia kwa Huria na mkono wa Adili. Mjukuu wangu akachukua kalamu akauliza: "Sasa Babu, huo tuuandike daraja la ngapi?" Nikawaomba wanipe muda nifikiri. Wakarusha dadu, wakaendelea.