Vipimo Vianzie Kwenye Mhimili: Braketi za Breki za Land Rover Kuukuu

Barabara itokayo Lushoto kuteremkia Mombo, katika milima ya Usambara, hushuka takriban mita 900 katika masafa ya kilomita zipatazo 33, ikijipinda baina ya jabali na korongo hata dereva asipate mahali pa kuliachia gari lijiendee. Na kila aliyewahi kuteremka njia hiyo kwa Land Rover ya zamani, yenye shehena ya kabichi na karoti, anaifahamu harufu ya viatu vya breki vinavyoungua, na anaifahamu vilevile hofu ya pedali inayozidi kuzama kila kona ipitayo. Mzee mmoja, mkulima wa huko juu, ndiye aliyeniletea gari lake la namna hiyo, Series III fupi la mwaka 1974, akaniambia kwa upole, "Fundi, mimi sitaki gari lenye mbio. Nataka linisimamie pale Soni, na huko chini linisimamie tena." Nikamjibu, "Nimekuelewa, Mzee. Niachie, nilitazame kwanza."

Kabla ya kushika msumeno nilitaka kujua kwa hesabu ni taabu gani breki zile zilikuwa zikitwikwa. Gari na shehena yake lilipata kilo 1,800, na uzito huo ukishuka mita 900 hutoa joto la megajuli zipatazo 16, yaani joto la kutosha kuzichemsha lita sita za maji baridi na kuzigeuza mvuke zote, lisibaki hata tone. Injini iliyowekwa katika gia ndogo huchukua sehemu ya mzigo huo, na upepo huchukua kidogo. Baki yote ni ya breki. Sasa dramu ikipata moto hutanuka, na kutanuka kwake ni kuvikimbia viatu vinavyoisukuma kutoka ndani, ilhali disiki ikitanuka huzisogelea pedi zinazoibana, na fauka ya hayo nyuso zake zote mbili ziko wazi kwa upepo. Maarifa haya si mageni, kwani Jaguar iliyoshinda mbio za Le Mans mwaka 1953 ilikuwa na breki za disiki. Walakini Land Rover za Series III, zilizoundwa tangu 1971 hata 1985, ziliendelea kutoka kiwandani na dramu katika magurudumu yote manne.

Basi niliamua kuziondoa dramu za mbele na kutia disiki. Disiki na kalipa, yaani kile kikamatio cha pedi, hununuliwa. Nilichagua kalipa za pistoni nne, za namna ile isiyoteleza, na disiki zenye kofia, ambazo mkerezaji alizikereza na kuzitoboa upya zikakaa juu ya habu mahali pa dramu. Kisichonunuliwa, kwa kuwa hakuna duka liliwekalo, ni kile kipande cha chuma kinachoishika kalipa mahali pake na kuifungamanisha na gari, nacho ndicho mafundi tunachokiita braketi. Kwa maoni yangu kazi nzima imo humo, na nimeona magari yaliyofungwa kalipa za thamani kubwa juu ya vibamba ambavyo nisingethubutu kuvitundikia hata taa.

Na tutazame uzito unaokijia kipande hicho. Gari la kilo 1,800 likifungwa breki kali juu ya lami kavu, ambapo tairi huweza kushika kwa kadiri ya sehemu saba katika kumi za uzito wake, nguvu ya kulizuia hufika kilo 1,260. Magurudumu ya mbele, kwa kuwa gari huinamia mbele, hubeba kama 820 kati ya hizo, yaani 410 kila moja. Lakini tairi la 6.00-16 lina nusu-kipenyo cha milimita 360 hivi, ilhali pedi huishika disiki milimita 125 tu kutoka kitovuni, na kwa hiyo kile kilichokuwa kilo 410 ardhini huwa karibu kilo 1,180 kwenye kalipa. Tani moja na ushei, kila upande, kila dereva anaposhtuka. Na nguvu hiyo yote haina njia ya kupita ila katika braketi na bolti zake.

Bolti zenyewe watu wengi huzifahamu visivyo. Hudhani kwamba bolti huzuia kwa kuwa kama msumari, mzigo ukiegemea kiwiliwili chake, kumbe katika kiungo kilichofungwa sawasawa mzigo huchukuliwa na msuguano wa nyuso mbili zilizobanwa, na kazi ya bolti ni kubana tu. Bolti ya milimita 12 yenye alama ya 10.9 kichwani, ikikazwa inavyostahiki, hubana kwa kadiri ya tani tano. Chuma juu ya chuma kikavu, kwa makadirio ya hadhari, hukataa kuteleza kwa kama sehemu 15 katika mia za mbano huo, yaani kilo 750 na ushei kwa bolti moja, na bolti mbili za kalipa hupita 1,500. Hesabu inatosha, na akiba imebaki. Ila inatosha kwa sharti kwamba nyuso zile ziwe bapa, safi, na bila rangi, maana rangi iliyo katikati ya vyuma viwili husagika polepole, na kadiri inavyosagika ndivyo mbano unavyopungua pasipo mtu kuigusa spana.

Braketi yangu ya kwanza niliitupa. Niliikata katika bamba la chuma laini la milimita 12, baada ya kuchukua vipimo kutoka ukingo wa bamba la nyuma la breki za zamani, nikidhani kwamba kilichotoka kiwandani ni hakika ya kutosha. Bamba lile lilikuwa limekwisha kugongwa na mawe miaka mingi, na ukingo wake haukuwa tena duara. Nilipofunga kalipa, pedi ilipita nje ya disiki kwa milimita mbili. Milimita mbili ni kitu kidogo kwa jicho, lakini pedi ya namna hiyo huliwa pale inapogusa tu, na ile sehemu ya nje isiyoguswa hubaki kama mdomo, mdomo huo ukaning'inia juu ya ukingo wa disiki na kuizuia pedi isisogee.

Ya pili niliianza kutoka kwenye mhimili. Nilimwomba mkerezaji anikerezee kizibo cha chuma chenye kuingia barabara katika tundu la kati la ile nyumba inayopokea stabu, yaani mhimili mfupi wa gurudumu, bila kuchezacheza, na katikati ya kizibo atie kitone kimoja cha ncha kali. Mguu wa bikari ulikaa katika kitone hicho, na kila mstari niliouchora, wa bolti sita za stabu, wa ukingo wa disiki, wa matundu ya kalipa, ulitoka hapo hapo. Nikakata kigezo cha boksi, nikakijaribu. Nikakata cha mbao nyembamba, nikakijaribu na gurudumu likiwa limefungwa, nikilizungusha kwa mkono taratibu na kusikiliza. Na chuma hakikuingia jiliwani mpaka kigezo cha mbao kilipokubali pande zote.

Palikuwa na shida nyingine iliyonishughulisha siku mbili. Bamba la nyuma hukaa limebanwa katikati ya stabu na nyumba yake, nalo ni jembamba. Ukilitoa na kutia chuma cha milimita 12 mahali pake, stabu husukumwa nje, gurudumu likafuatana nayo, na shafti ya ndani ikakosa urefu wake. Dawa yake ilikuwa kuikereza braketi katika sehemu ile inayobanwa tu, hata ikalingana na unene wa bamba lililotoka, na kuliacha sikio la kushika kalipa na unene wake kamili. Pale unene unapobadilika sikuacha kona kali: niliamuru mviringo wa milimita tano, kwa sababu ufa wa chuma hupenda kuzaliwa katika kona ya ndani kama maji yanavyopenda bonde. Kingo zilizokatwa kwa gesi nilizipiga tupa mpaka rangi ya moto ilipokwisha, kwa kuwa moto huugeuza ukingo ukawa mgumu na mwepesi kuvunjika. Kulehemu sikukubali popote.

Kulenga kalipa kulikuwa kazi ya subira tu. Geji ya saa ilionyesha kwamba disiki inayumba chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, nami nikaongeza washa nyembamba nyuma ya kalipa hata nafasi za pande mbili zikalingana.

Mengine nayataja kwa ufupi. Kiatu cha dramu hujivuta chenyewe kikajibana, pedi haifanyi hivyo, na kwa hiyo gari liliongezwa basta ya kuusaidia mguu. Ile valvu ndogo inayobakiza shinikizo katika mabomba ya dramu iliondolewa upande wa mbele, la sivyo pedi zingeikwaruza disiki siku nzima. Mafuta yakawa ya DOT 4, ambayo mapya huchemka kwa nyuzi 230 na yaliyokwisha kunywa unyevu kwa 155. Na kalipa zifungwe nipeli ya kutolea upepo ikiwa juu: kalipa ya kulia ikifungwa kushoto hukaa vizuri kabisa, haina alama ya kosa, ila upepo hujificha juu ya nipeli na hautoki, hata ukipampu mpaka magharibi.

Tuliteremka na Mzee hadi Mombo gari likiwa na shehena kamili. Pedali ilibaki pale pale ilipokuwa Lushoto. Nilikuwa nimepiga mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha kila bolti hadi kwenye braketi, ili ikisogea ionekane, nikamwomba alirudishe gari baada ya kilomita 500. Alilirudisha. Mistari yote ilikuwa imenyooka, isipokuwa mmoja wa kalipa ya kulia, uliokuwa umepishana kwa upana wa unywele. Nikaifungua bolti hiyo, nikakuta chini yake utando wa rangi niliousahau, mdogo kuliko ukucha. Nikaukwangua mpaka chuma kikang'aa, nikakaza upya, nikapiga mstari mwingine, nikamwambia alilete tena.