Kanga hukauka, mmea hufa

Kivukoni, karibu na Ifakara, pana maji ya kumwaga. Mto Kilombero uko pale, majaruba ya mpunga yako pale, na masika yakikolea hata njia ya chooni inataka mabuti. Kwa hiyo nilipopewa kipande cha selaginela, ule mmea mfupi wa kijani unaotambaa kama zulia na kupenda unyevu, sikuwa na wasiwasi wowote. Niliuweka barazani, nikaumwagilia asubuhi na jioni. Ilikuwa Septemba. Siku ya tisa ncha zake zilikuwa kama nyasi za paa, na udongo chini yake bado tope.

Ulikauka juu, ukaoza chini. Maji yalikuwepo, ila si mahali mmea ulipoyataka.

Tuanze na hewa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 20 hushiba kwa gramu 17 hivi za mvuke. Ipashe hadi nyuzijoto 35, itaweza kubeba karibu gramu 40. Maana yake, hewa iliyotosheka kule kwenye ukungu wa milima ya Udzungwa, ikipata joto la mchana wa bondeni, haijafika hata nusu ya shibe yake. Ina njaa, na itafyonza popote: kwenye kanga uliyoanika, kwenye midomo yako, kwenye jani. Mto kuwa karibu hakusaidii sana.

Mpunga huvumilia. Selaginela haiwezi, kwa sababu ya umbile lake. Niliyopewa ni jamii ya kraussiana, yenye jina la Ferdinand Krauss, Mjerumani aliyekusanya mimea Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1830. Kwao ni Afrika, kwenye vivuli vya misitu yenye unyevu. Vijani vyake ni vya milimita chache, na utando wa nta juu yake ni hafifu. Wengi huudhania kuvumwani, lakini una mishipa ya kupitisha maji, kitu ambacho kuvumwani halisi haina. Ajabu yake iko kwenye mizizi. Pale tawi linapogawanyika huchomoza uzi mweupe, mwembamba kama wa kushonea, ukaning'inia hewani kuelekea chini. Ukigusa udongo ndipo unapotoa mizizi. Hewa ikiwa kavu, uzi hunyauka njiani. Kwenye maiti ya mmea wangu nilihesabu nyuzi kumi na moja. Uliofika chini ulikuwa mmoja.

Ushauri wa kawaida ni kuweka chungu juu ya sahani ya kokoto na maji. Kwa Ifakara, naukataa. Huu ni mji ambao watafiti wamehangaika na mbu wa malaria kwa miaka mingi, halafu wewe uwafugie mbu sebuleni kwa ajili ya ua? Yai la mbu halihitaji hata wiki mbili kuwa mbu kamili.

Nikageukia chupa. Mwaka 1829 daktari wa London, Nathaniel Ward, alifungia kifukofuko cha nondo kwenye chupa yenye udongo mbichi, akakuta kangaga na jani la nyasi vimeota humo. Maji hupanda kama mvuke, hugonga kioo, hurudi chini. Nilichukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, nikaweka mboji sehemu mbili, mchanga wa mto sehemu moja, na sehemu moja ya pumba za mpunga zilizochomwa zikaishia kuwa mkaa mweusi. Zisifike kuwa majivu. Majivu hupunguza uchachu wa udongo, na mmea huu hupenda uchachu kidogo. Kipande cha sentimita tano hakifukiwi. Kinalazwa juu na kukandamizwa kidogo, kisha hunyunyiziwa maji ya mvua.

Likabaki joto, maana chupa iliyofunikwa ikipigwa na jua hugeuka jiko. Hapo wazo la mtungi wa maji lilinisaidia. Niliiketisha chupa ndani ya chungu cha udongo kisichopakwa rangi, nikajaza mchanga mbichi pembeni, nikakiweka sakafuni, mbali na dirisha la mashariki. Chungu hutoa jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Mchanga uwe mbichi tu, maji yasisimame juu yake, basi mbu hana pa kutagia. Raha yake ni kwamba kadiri hewa inavyokuwa kavu ndivyo chungu kinavyopoa zaidi.

Asubuhi kioo huwa na ukungu upande mmoja, na kufika saa nne umepotea. Ukibaki hadi saa nane mchana, nafunua kwa saa moja. Usipoonekana kabisa, naongeza kijiko cha maji. Mbolea sijaweka.

Mchanga wa nje una ratiba yake. Siku kanga inapokauka kwa nusu saa kambani, unataka kikombe cha pili cha maji kabla ya adhuhuri.