Kigango si Sanamu: Uhakiki wa Lugha ya Makumbusho

Mnamo mwaka 1986 jumba la makumbusho la Chuo cha Williams, nchini Marekani, lilichapisha kitabu juu ya vigango, na katika anwani yake vigango viliitwa sanamu za ukumbusho za Wamijikenda wa Kenya. Kwa asomaye haraka anwani hiyo haina kosa. Lakini mwanafunzi wa lugha ataona kwamba nomino kuu hapo ni sanamu, na ukumbusho umewekwa kuwa sifa yake tu. Kinachotangulia ni kazi ya mkono, kitu cha kutazamwa. Marehemu anayekumbukwa amefanywa nyongeza. Katika mudzi wa Kigiriama, yaani makazi ya ukoo, mpangilio ni kinyume cha huo. Hoja ya makala haya ni kwamba mpangilio huo wa maneno ulirahisisha kuondolewa kwa vigango mahali pake, na kwamba hata wanaovirudisha leo hawajautupa.

Kigango huchongwa kwa ajili ya mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama chenye heshima kubwa miongoni mwa Wagiriama na jamaa zao wa Kimijikenda. Ni gogo bapa la mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, lenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu mwilini. Hakisimikwi kwa kuwa mtu amekufa tu. Aghalabu marehemu huwatokea jamaa zake katika ndoto, au maradhi huuandama mudzi, na mganga akaeleza kwamba mzee anadai mahali pake. Tangu hapo hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo na kutengewa chakula. Mtu asiyekuwa wa Gohu hupata koma, kijiti kidogo kisicho na madoido. Na neno hilohilo koma ndilo jina la roho ya marehemu mwenyewe. Lugha hapa haikuona haja ya kumtenga aliyesimikiwa na kilichosimikwa.

Utetezi uliorudiwa sana na wafanyaji biashara ya vigango ni kwamba vilikwisha kutelekezwa. Ni kweli kwamba ukoo unapohamia ardhi nyingine kigango hakichukuliwi. Huachwa pale pale, na katika mudzi mpya husimikwa kibao cha kumwakilisha mzee yule yule. Hata hivyo Kiswahili hutofautisha kuacha na kutelekeza. Mtu ahamaye huliacha kaburi la babaye, wala hakuna asemaye kwamba amelitelekeza, sembuse kumruhusu mpita njia alifukue. Kigango huachwa kwa sababu kukigusa ni kumsumbua mwenyewe. Kwa hiyo kile ambacho mnunuzi alikisoma kuwa dalili ya kutojali kilikuwa ndiyo heshima yenyewe. Hoja ya mchwa nayo, kwamba makumbusho yamekiokoa kigango kisioze, ina udhaifu huo huo: hakuna aliyeombwa kukiokoa. Kuoza kwake mahali pake ni sehemu ya maisha yake, na anayekihifadhi katika chumba kikavu amehifadhi ubao.

Haifai, lakini, kuficha upande wa pili. Wengi wa walioving'oa vigango hivyo tangu miaka ya 1970 walikuwa vijana wa huko huko Pwani, waliohitaji fedha, na ambao baadhi yao hawakuona tena katika kigango chochote ila mti. Walivitoa kwa bei ndogo kwa wauzaji wa vinyago. Ng'ambo vikauzwa kwa maelfu ya dola. Jambo hili linahuzunisha, ila halimpi mnunuzi haki. Mwana hauzi kaburi la ukoo, na anayenunua kwake amenunua kwa asiye mwenye mali.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Kimoja kilitambuliwa mwaka 1999 katika mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Illinois State, na cha pili kikaonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilikabidhiwa jamaa zake mwaka 2007, miaka ishirini baada ya mzee huyo kufa. Mafanikio hayo yalitegemea picha moja tu. Kwa vigango vingine vingi hakuna picha, na hapa ndipo kibandiko cha makumbusho kinapostahili kulaumiwa zaidi. Kibandiko cha kawaida hutaja mti, kimo, kabila, jina la aliyekitoa zawadi, na kwamba mchongaji hajulikani. Swali lililoulizwa ni nani aliyechonga. Lile ambalo kila mtoto wa mudzi angeweza kulijibu, yaani kilichongwa kwa ajili ya nani, halikuulizwa na mnunuzi, wala na mtoa zawadi, wala na mhifadhi aliyeandika daftari. Jina likapotea, na pamoja nalo njia ya kurudi nyumbani.

Matokeo yake yameonekana katika marejesho ya karibuni. Jumba la Makumbusho la Maumbile na Sayansi la Denver liliamua kwa hiari yake kurudisha vigango 30, na sifa hiyo lapaswa kupewa. Safari yake ilichukua miaka, na vilipofika Kenya mwaka 2019 vilikwama kwa kudaiwa ushuru wa forodha. Wazee waliong'olewa makwao bila kuulizwa walipokewa kama shehena iliyoagizwa kutoka nje, na safari hii mwenye kutumia msamiati wa mnunuzi alikuwa ni dola yao wenyewe. Mwaka 2023 vigango 37 vilirudishwa kutoka Jumba la Makumbusho la Jimbo la Illinois na kukabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Taifa limepata mali yake. Lakini kigango hakikusimikiwa taifa. Kilisimikiwa fulani bin fulani, wa mbari fulani, katika mudzi fulani. Kazi ya kuuliza majina hayo Kilifi na kwingineko, kwa Kigiriama, Kikauma na Kichonyi, ingali mikononi mwa watafiti wa lugha na wazee wachache wa Gohu waliosalia.