Ulimi wa Mshenga

Mshenga ni mtu anayetumwa na upande wa mwanamume kwenda kuposa. Kwa juu juu kazi yake ni ndogo: kufika, kusalimu, kueleza kilichomleta, kurudi na jibu. Lakini anachokibeba ni moyo wa mtu mwingine. Kijana hawezi kujisemea mbele ya wazazi wa mchumba. Ataonekana hana adabu. Akisema baba yake, kukataliwa kunaweza kuzaa uhasama wa wazee wawili wanaosali msikiti mmoja. Ndipo hutafutwa mtu wa tatu, mtu mzima mwenye heshima na kinywa kizuri, mara nyingi jirani, mjomba au rafiki wa ukoo.

Wengi hudhani sifa yake kuu ni kushawishi. Sivyo. Mshenga hodari hulisema ombi kwa namna ambayo laweza kukataliwa pasipo yeyote kuaibika. Hamtaji binti moja kwa moja. Baada ya hodi huja salamu, na hizo hazina haraka: hali ya wazee, ya watoto, ya mvua. Akishakaribishwa kusema, hueleza kwamba yeye na wenzake katika pitapita zao wameona ua limechanua bustanini humo, au kwamba yuko kijana anayetafuta jiko. Wenyeji wameshajua wageni wamefuata nini, pengine tangu juzi, kwa kuwa habari kama hizi hazifichiki uani. Hata hivyo nao huingia katika fumbo. Huuliza ni ua lipi hasa, maana yamo mengi. Au husema hilo limekwisha kuzungushiwa ugo. Kwa jibu la pili kilichokataliwa ni ua tu. Wageni humaliza chai yao, huaga, na ujirani hubaki pale pale. Anayeyaita maneno hayo mzunguko usio na faida hajapata kuona nyumba mbili zilizoacha kusalimiana kwa sababu ya posa iliyosemwa vibaya.

Katika sehemu nyingi za Tanzania mshenga huenda na barua pia, iliyofungwa katika kitambaa pamoja na fedha kidogo. Barua hueleza nia na jina la mposaji. Haiwezi kusita, wala kutazama uso wa mzee na kubadili sauti. Hayo ni ya ulimi. Jibu nalo kwa kawaida haliji siku hiyo. Wenyeji huomba muda wa kushauriana, na mshenga anapaswa kupima kama muda huo ni wa kweli au ni kukataa kwa upole.

Posa ikikubaliwa, ada zinazofuata si mpya. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903 kwa kutegemea sana maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, kinasimulia mambo ya ndoa za watu wa Mrima. Ada za kilemba cha baba na mkaja wa mama bado zinatajwa vikaoni. Hapa mshenga huwa na mtihani mwingine: kuomba kupunguziwa bila kufanya bei kama sokoni, na kusema kijana hana uwezo mkubwa bila kumdhalilisha. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu mahari haikulipwa, ila mshenga atakayeileta hoja hiyo kikaoni hatatumwa tena.

Kwa Waislamu, ndoa yenyewe hufungwa kwa maneno: ijabu ya walii, yaani tamko la kuozesha, na kabuli ya mume, yaani kukubali kwake, katika kikao kimoja, mbele ya mashahidi wawili wanaosikia. Siku hiyo kijana hujisemea, kwa maneno machache mno. Maneno marefu ya mshenga yalikuwa ya kumfikisha hapo.

Kazi ya mshenga haikomi arusini. Wanandoa wakikosana, yeye ndiye huitwa kwanza, kwa kuwa alisikia ahadi za pande zote mbili. Huwasikiliza mmoja mmoja, kisha huamua kipi kifike ng’ambo ya pili. Mke akisema hataki kumwona mume wake tena, mume huambiwa kwamba mkewe ameumia sana. Je, huo ni uongo? Hadithi ya Mtume iliyopokewa na Bukhari na Muslim haimhesabu mwongo anayepatanisha watu kwa kufikisha maneno ya kheri, na Kurani, katika Suratun-Nisaa aya ya 35, inaagiza mwamuzi mmoja kutoka kila upande. Mshenga huchagua, katika mengi yaliyosemwa kwa hasira, lile ambalo msemaji mwenyewe angelitambua akishatulia.

Uchaguzi huo una mpaka. Palipo na kipigo, ulimi mtamu hugeuka pazia, na wapo washenga waliowarudisha wanawake kwenye mateso kwa maneno laini. Hapo mafumbo huachwa. Linalotendeka hutajwa kwa jina lake mbele ya wazee wa pande zote mbili. Na wasiposikia, mke huelekezwa kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, ambako kwa kawaida sheria hiyo ya 1971 hutaka shauri lipite kabla ya kuombwa talaka mahakamani.