Mnong'ono wa Inanga na Ikwalaiza ya VLC

Programu ya VLC, iliyotokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris ulioanza mwaka 1996, ina ikwalaiza yenye vidhibiti 10, kuanzia Hz 60 hadi Hz 16,000. Ina pia mipangilio iliyo tayari: roki, tekno, rege, ska na mingineyo. Hapa Kanyosha, wenzangu wengi huchagua ule wa besi nzito na kuuacha kwa kila wimbo. Katika uhakiki huu ninadai kwamba kila mpangilio ni tafsiri, na tafsiri huweza kupotosha matini.

Tuchukue inanga ya Burundi, hasa ile ya kunong'ona. Msanii hapazi sauti. Ananong'ona, huku nyuzi nzito zikibeba mahadhi. Mnong'ono peke yake hauna mahadhi. Sikio la msikilizaji ndilo huunganisha viwili hivyo, hata tukadhani mtu anaimba. Besi ikizidishwa, nyuzi huufunika mnong'ono na maneno hupotea. Kwetu wanafunzi wa fasihi simulizi, yakipotea maneno tumebaki na nini cha kuhakiki?

Wapo watakaosema kila mtu na ladha yake. Ni kweli, lakini ladha huchagua miongoni mwa vinavyosikika. Kwa hiyo napendekeza turudishe vidhibiti vyote kwenye sifuri, tupunguze kidogo Hz 60 na 170, tuongeze kidogo 3,000 na 6,000, kisha tuuhifadhi mpangilio huo kwa jina Inanga. Waundaji hawakuuweka, tuuweke sisi.