Hesabu yetu ya 2018 ina kasoro

Wandugu, kila mara maneno ya uchaguzi yakianza hapa Butembo, hakukosi mtu wa kuleta ile hesabu. Hata mimi nimeileta mara nyingi: kwenye kikundi cha WhatsApp, kwenye meza ya vinywaji, mbele ya wanafunzi. Leo nataka kuikosoa, juu naona imetuharibu kidogo.

Hesabu yenyewe ni hii. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne tu kabla ya kura, CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hawatapiga kura pamoja na wengine. Kwetu walisema ni Ebola na usalama. Tukasukumwa mpaka Machi 2019, wakati rais alipaswa kuapishwa Januari. Wapiga kura zaidi ya milioni 1.2 wakabaki nje. Kisha CENI ikatoa matokeo: Félix Tshisekedi kura 7,051,013, Martin Fayulu kura 6,366,732. Tofauti yao ni 684,281. Yaani sisi tuliotolewa tulikuwa karibu mara mbili ya ile tofauti. Na hata hizo namba zilipingwa: maaskofu wa CENCO walisema hazilingani na zile walizokusanya waangalizi wao.

Hapo hesabu haina uongo. Na ile sababu ya Ebola haikusimama vizuri. Ugonjwa ulikuwepo kweli. Ulitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, na mpaka unaisha Juni 2020 ulikuwa umeua zaidi ya watu 2,200. Tulizika watu. Lakini mwezi ule ule Fayulu alifanya mikutano Beni na Butembo, masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa. Kama mtu anaweza kunawa mikono mlangoni mwa kanisa, atashindwa kunawa mlangoni mwa ofisi ya kura?

Watu wa Beni walijibu kwa njia mbili ndani ya wiki moja. Tarehe 27 maandamano yaliishia kwa kushambulia kituo cha Ebola, na hapo tulijiumiza sisi wenyewe. Tarehe 30, siku taifa linapiga kura, watu wa Beni wakapanga mstari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe kwa makaratasi. Wengine waliita ile mchezo. Mimi naona hakuna somo la uraia nililopata unive lililonifundisha kama ile mistari. Walijua vizuri hakuna mtu Kinshasa atakayezihesabu, na bado wakasimama.

Sasa kasoro iko wapi?

Ya kwanza ni Yumbi. Tukisema milioni 1.2 tunaihesabu na Yumbi ndani, kisha tunaisahau. Watu wa Yumbi, kule Mai-Ndombe, walikuwa wametoka kuuawa kwa mamia katikati ya Desemba ile ile. Wangapi kati yetu wanaweza kuonyesha Yumbi kwenye ramani? Tumechukua kura zao kuongeza uzito wa malalamiko yetu, basi.

Ya pili ni yale yaliyofuata. Tarehe 31 Machi 2019 tulipiga kura, ya madepite wa taifa na wa jimbo tu. Rais alikuwa ofisini tangu tarehe 24 Januari. Mei 2021 ukaja utawala wa kijeshi, ule tunaita état de siège. Gavana akawa mwanajeshi, meya akawa afisa wa polisi, na bunge la jimbo tulilolichagua likasimamishwa. Hapo hapakuwa na namba za kulinganisha, kwa hiyo hesabu yetu ikakosa la kusema. Tulizoea kudai tulichopoteza siku ya kura. Tulichopoteza katikati ya kura na kura hatukuwa na lugha yake.

Ya tatu ndiyo inaniuma. Desemba 2023 Butembo na Beni tulipiga kura. Masisi na Rutshuru hawakupiga, juu ya vita ya M23. Watu wengi wa kule walikuwa kwenye kambi kandokando ya Goma. Mimi nilifanya nini? Nilinyamaza. Mtu akaniambia: "Mkubwa, hata wangepiga, Tshisekedi amepita na zaidi ya 73%, wangebadilisha nini?" Nikakubali kwa kichwa. Ile ile hesabu yangu ya 2018 ndiyo ilinifunga mdomo: 2018 sisi tungebadilisha matokeo, basi tulionewa, 2023 wao hawangebadilisha, basi si kitu.

Hapo ndipo nilielewa kwamba tulichagua hoja mbaya tangu mwanzo. Mtu wa Kimemi au wa Mulekera hakuwa na haki ya kupiga kura kwa sababu tofauti ilikuwa 684,281. Angekuwa na haki ile ile hata tofauti ingekuwa milioni kumi. Na Corneille Nangaa, aliyekuwa rais wa CENI wakati tunatolewa, Desemba 2023 akaanzisha AFC pamoja na M23 hao hao. Mwenye kutaka kuona vile njia ya kufunga kura na njia ya bunduki zinaweza kukutana, mfano ni huo.

Wengi wetu wenye diplome tunangojea uchaguzi kama kazi: mkataba wa miezi michache, perdiem, kisha kwaheri. Sina ubaya na hilo, njaa ni njaa. Lakini chama chetu kinaweza kufanya kitu kidogo. Siku CENI itakapotoa tena orodha ya mahali pasipopiga kura, iwe Rutshuru, iwe Kwamouth, iwe wapi, tuandike barua ya kupinga siku ile ile, kabla hata ya mtu kuuliza wako wangapi.

Nani yuko tayari kuiandika na mimi?