Kuachwa kwa Mataa: Usemi wa Nairobi katika Riwaya ya Kiswahili

Makusudi ya makala haya ni kulichunguza swali ambalo sisi wahakiki wa riwaya ya Kiswahili nchini Kenya tumelizunguka kwa muda mrefu bila ya kulikabili. Je, mhusika anayekaa Kawangware au Kangemi, na ambaye kazi yake iko katikati ya jiji la Nairobi, aseme Kiswahili gani kitabuni? Swali lenyewe si la nadharia tupu. Limeniangukia mezani kwa sura ya mswada wa mwanafunzi wangu mmoja, ambao mchapishaji aliurudisha ukiwa umejaa masahihisho. Nitaanza na sahihisho moja tu.

Katika mswada huo, kijana mmoja fundi wa cherehani wa River Road anamsimulia mwenziwe jinsi mchumba wake alivyomtupa. Anasema: "Aliniacha kwa mataa." Mhariri ameyakata maneno hayo na kuandika juu yake: "Aliniacha penye taa za kuongozea magari." Msomaji asiyeijua Nairobi atadhani kwamba kisa kilitukia barabarani. Hakikutukia huko. Kuachwa kwa mataa ni kutelekezwa na mtu uliyemtegemea, ukabaki umeduwaa ilhali wenzako wamekwisha kuvuka. Mhariri ametaka kuitengeneza sarufi, na hapo hapo ameiua nahau. Tena amezua kisa kipya, kwani msichana ambaye hana hata baiskeli amegeuka kuwa dereva.

Yafaa tutazame pia kile ambacho mhariri hakukigusa. Ukurasa mmoja kabla ya hapo, msimulizi anasema kwamba mambo ya kijana huyu "yalikwenda mrama". Mrama ni mwendo wa chombo kinachoyumba baharini. Fundi wetu amezaliwa Kangemi na bahari hajaiona. Hata hivyo hakuna aliyeuliza jahazi limefikaje Waiyaki Way. Nahau ya chombo imekubaliwa kuwa ni Kiswahili, lakini nahau ya taa za barabarani imehesabiwa kuwa ni kosa, ingawa zote mbili zimezaliwa kwa njia ile ile: watu wa mahali fulani wameitazama kazi yao ya kila siku na kuiona ndani yake hali ya binadamu.

Chanzo cha upendeleo huu kinajulikana. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ikapewa kazi ya kuusimamia usanifishaji. Wenyeji wa Mvita, wenye kusema kitwa kwa kichwa na ndia kwa njia, walinung'unika, lakini lahaja yao haikuvunjiwa heshima katika sanaa. Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla imetungwa kwa Kimvita na husomwa vyuoni bila ya mtu kuomba radhi. Waandishi wa Unguja walikuwa na bahati zaidi. Makuli wa Shafi Adam Shafi katika Kuli (1979), riwaya ya mgomo wa bandarini wa 1948, wanaweza kusema kama makuli na bado wakawa karibu na usanifu, kwa kuwa usanifu wenyewe ulitoka kwao. Mohamed Suleiman Mohamed naye, katika Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976), alichota lugha iliyokuwa uani kwake. Mwandishi wa Nairobi hana bahati hiyo. Lugha iliyo uani kwake haina kamati, na aliyeisikia tangu utotoni alichapwa shuleni kwa sababu yake.

Matokeo yake ni kwamba Nairobi imeandikwa vizuri zaidi kwa lugha nyingine. Meja Mwangi aliwachora wajenzi wa jengo katika Going Down River Road (1976), na tunaposoma mazungumzo ya Ben na Ocholla kwa Kiingereza, masikio yetu huyarudisha kimya kimya katika Kiswahili ambacho kwa hakika wangelikisema. Twajisomea tafsiri ya kitabu ambacho hakikuandikwa.

Pale riwaya au tamthilia ya Kiswahili inapojaribu, mara nyingi lahaja ya bara hupewa mtu mmoja tu: bawabu au mpishi. Yeye huchanganya r na l, huziharibu ngeli zote, nasi hucheka. Msimulizi na bwana mwenye nyumba husema kama kamusi. Jambo hili halina uhalisi wowote. Wakazi wa Nairobi wanajua kwamba bwana mwenye nyumba wa Lavington naye husema "kitabu yangu" na "watu mingi", na kwamba Kiswahili kibovu kuliko vyote kilichowahi kusemwa katika mitaa ile ni Kisetla, lugha ya amri za jikoni, ambayo haikubuniwa na mpishi. Kuwapa watumishi makosa na kuwapa waajiri usanifu ni kuigeuza historia juu chini.

Katika jambo hili Ngugi wa Thiong'o alituonyesha njia, ijapokuwa aliandika kwa Kikuyu. Katika Caitaani Mutharabaini (1980), iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kuwa Shetani Msalabani (1982), abiria hukutana katika matatu na kuzungumza. Mwenye ulimi uliovunjika kati yao ni Gatuiria, mtu wa chuo kikuu, ambaye hawezi kuimaliza sentensi ya lugha ya mama bila ya kuegemea Kiingereza. Muturi, mfanyakazi, husema lugha nzima. Mgawanyo huu ni hukumu ya kijamii inayotolewa kwa sarufi peke yake. (Nakiri kwamba niliposoma sehemu hiyo mara ya kwanza nilijitambua, wala sikufurahi.)

Wapo vijana wanaodhani kwamba dawa ni Sheng, na kwamba ukimwaga mbao, finje, soo na ngiri katika ukurasa, Nairobi itakuwa imefika. Siipuuzi Sheng. Jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza 2010, limethibitisha kwamba ina wasomaji wengi. Lakini msamiati wake huchakaa upesi. Anayeandika manyanga leo amewapandisha abiria wake katika matatu ya miaka ya tisini, kwa maana vijana wa sasa husema nganya. Tena Sheng ya Kawangware si ile ya Eastlands, na mama wa miaka hamsini hasemi ile ya mwanawe. Kinachodumu zaidi ni sarufi. "Mama ako kazi, anakujanga usiku." Hapa hapana neno hata moja la mtaani, lakini kila msikilizaji anajua tuko wapi. Kiambishi -nga cha mazoea ni ndugu wa viambishi vilivyomo katika lugha nyingi za Kibantu za bara, nacho kina kanuni zake. Mwenye kukiita kosa hajakisikiliza.

Hata sarufi hiyo haitoshi. Tumfuate mwanamke mmoja wa kubuni anayetoka Kawangware kwa miguu alfajiri kwenda kufanya kazi za nyumbani Lavington, mwendo usiozidi saa moja. Mlangoni huagana na jirani kwa Kiluhya, naye huitwa Mama Fulani kwa jina la kifunguamimba wake. Kwa muuza mboga hutumia Kiswahili cha bara chenye mizaha. Getini humwamkia bawabu mzee kwa adabu, akipunguza mizaha. Ndani, mwajiri humwita kwa jina la ubatizo, naye hujibu kwa Kiswahili cha tahadhari, karibu sanifu, kifupi mno. Watoto wa nyumba humwita anti, na kwao husema Sheng kidogo aliyojifunza kwao. Mwandishi anayempa mwanamke huyu Kiswahili kimoja, kiwe sanifu au kibovu, amemnyima maisha yake, maana hofu yake, hadhi yake na uchovu wake vimo katika kule kubadilisha. Mark Twain aliona haja ya kuwatangulizia wasomaji wa Huckleberry Finn (1884) ilani kwamba lahaja zilizomo ni nyingi na zimetofautishwa kwa makusudi. Hapa kwetu lahaja nyingi zimo katika kinywa cha mtu mmoja kabla ya saa mbili asubuhi.

Nisimwonee mhariri. Riwaya isiyoingia shuleni haina wanunuzi wengi, na mwenye kuidhinisha vitabu vya shule hutazama ngeli kwanza. Isitoshe, mimi mwenyewe si msafi. Tasnifu yangu ya uzamili, niliyoiandika London, ilihesabu sifa za matamshi ya lahaja katika riwaya za Visiwani, nami nilirudi nikiamini kwamba uhalisi ni jambo la kuhesabika. Kisha nikawa napanda matatu ya 46 kutoka mjini jioni, na sikuweza kuyanakili mazungumzo ya kiti cha nyuma bila ya kuyasanifisha njiani.

Na ule mswada, kabla haujafika kwa mchapishaji, ulipita kwangu. Juzi mwanafunzi alinionyesha nakala ya kwanza. Pembeni mwa "Aliniacha kwa mataa" pana mstari wa kalamu nyekundu, na mwandiko ni wangu: "Sarufi!" Hakuniambia neno. Aliniuliza tu kama nitakubali kumwandikia mchapishaji barua ya kuitetea sentensi hiyo, pamoja na sherehe fupi ya maneno mwishoni mwa kitabu, kama zifanyiwavyo diwani za lahaja. Sherehe nimekwisha kuianza. Barua ningali naiandika.